Hakinunuliwi Mpaka Mama Akikalie

Krrr. Kimya. Krrr.

Mama Jaji alifumbua macho gizani, na kabla hajakaa sawa alishajua ni nini. Panya hakwaruzi kwa mpango namna ile, na bomba la jikoni likivuja lina sauti yake. Hili lilikuwa gari. Gari la plastiki linaloenea kiganjani, lililobakiza magurudumu ya nyuma tu, likisukumwa juu ya sakafu ya saruji huku pua yake ikiburuzika. Mwenye gari hakulia, hakuita mtu, hakutaka taa. Aliamka, akakuta bado giza, akaingia kazini.

"Jaji," mama alinong'ona. "Mwanangu, hata jogoo bado hajavaa viatu."

Krrr, gari likajibu.

Halafu juu ya bati likagonga tone moja, likafuatwa na jingine, kama mtu anayegonga mlango kwa kidole kimoja aone kama wenyewe wapo. Mama Jaji akavuta shuka mpaka kidevuni. Mvua zimeanza. Zimeanza, na wao bado hawajaamua.

Jaji alikuwa na miaka minne, na jina lake halisi lilibaki kwenye kadi ya kliniki. Hilo la Jaji alipewa na bibi yake, siku watu wazima walipobishana sebuleni juu ya nani aliyeacha geti wazi. Mtoto alikaa katikati yao, akamgeukia huyu, akamgeukia yule, uso mzito kama wa mtu aliyesoma sheria, wala hakutia neno. "Huyu ni jaji," Bibi akasema. "Pande zote anasikiliza, hukumu hatoi." Nyumba nzima ikacheka. Mama naye alicheka, ila yeye aliacha wa kwanza.

Maana masikio yalikuwa mazima. Daktari alipima akasema masikio kama hayo hata yeye angeyataka. Ukifungua pipi chumba cha pili, Jaji huyo mlangoni. Kilichokosekana ni maneno. Aliyeanza kuyachimba ni mwalimu wa matamshi, mwanamke mwembamba mwenye mikono isiyotulia, katika kituo chake kidogo kule juu ya mlima, penye geti la bluu. Kiangazi kilichopita alimtolea mtoto maneno matatu: maji, lete, na toka. Siku zile kila mtu nyumbani alifukuzwa chumbani asubuhi mpaka jioni, na kila aliyefukuzwa alitoka akichekelea.

Kisha mvua zikaja. Barabara ya kupanda kituoni ni udongo mwekundu mtupu, ukilowa unateleza kama sabuni iliyosahauliwa kwenye beseni. Magari ya kukodi yalifika chini ya mlima, madereva wakasema sisi mwisho wetu hapa. Mama Jaji akawa anavua viatu, anambeba mtoto mgongoni, anapanda na mwavuli usiomtosha hata mmoja wao. Wanafika saa ya somo imekwisha na mtoto mwingine ameshakaa kitini. Baadaye kifua kikambana Jaji, wakaacha kwenda. Mvua zilipokatika, yale maneno matatu yalikuwa yameshaondoka, moja moja, kama wageni walioona hakuna anayewapa kiti.

"Mwaka huu asikose," mwalimu alimwambia walipoanza upya. "Kwa umri huu mlango umeegeshwa tu. Ukija kufungwa tutaufungua, sikatai, lakini itabidi tuusukume kwa mabega."

"Na mvua, mwalimu?"

"Mvua mtajuana nayo wenyewe, mama. Mimi nipo hapa hapa juu."

Ndipo habari ya gari ilipoanza. Na laiti ingekuwa gari moja! Yalikuwa mawili.

Yalisimama bega kwa bega kwenye yadi ya magari yaliyotumika, nyuma ya kituo cha mafuta: saluni mbili za chini, zenye buti nyuma na taa ndefu kama macho ya mtu anayesikiliza umbea. Moja jeupe, moja la kijivu. Kampuni moja, mwaka mmoja, bei moja, na hilo la bei walikwisha kumalizana nalo. Mapacha kabisa. Tofauti yao ilikuwa tumboni, na la kijivu kuinuka kidogo tu. Lile jeupe lilisukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake. Lile la kijivu, nguvu ya injini iligawiwa kwa magurudumu yote manne.

Muuzaji, mtu mwembamba aliyeitwa Bwana Hakika kwa sababu ambayo ungeijua akifungua mdomo tu, aliwaeleza kwa mikono, kwa mabega, na mara moja kwa kulala chali chini ya gari akiwa amevaa shati la kupigwa pasi.

"Hakika, hii nyeupe, barabara ya lami, ni siagi. Unaishika usukani kwa kidole. Na hakika hii ya kijivu, kwenye tope, ni mbuzi. Gurudumu moja likiteleza, mengine yanashika."

"Sasa ipi bora?" Mama Jaji aliuliza.

Bwana Hakika akajifuta vumbi magotini, akafikiri. "Hakika, inategemea."

"Inategemea nini?"

"Inategemea wewe unataka nini."

"Nataka kupanda ule mlima mvua ikinyesha."

"Basi ya kijivu."

"Lakini siku nyingine zote nitakuwa kwenye lami."

"Basi nyeupe."

Mume wake, fundi wa vigae, mtu wa maneno machache na kucha zenye saruji, alichuchumaa akatazama chini ya yote mawili kama anayetafuta kigae kilichopasuka. Mwishowe akasema kigae huwa kinashika kikipakwa pembe zote nne. Ukipaka mbili, siku moja mtu atakikanyaga kitaitika. Mama Jaji akaona ni kweli tupu. La kijivu, basi.

Jioni ile shemeji yake akaja. Huyu ni mdogo wake mumewe, dereva wa teksi, mwenye tumbo linalotangulia kuingia ndani na jina la Kona, kwa jinsi anavyozikata. Akasikia habari akashika kichwa.

"Nne? Shemeji, nani kakuloga? Gari ni kama nyumba, kila mtu na kazi yake. Magurudumu ya mbele kazi yake kukata kona, ya nyuma kazi yake kusukuma. Sasa yote manne yakifanya kazi moja, bosi nani?"

"Kwani lazima awepo bosi?"

"Halafu ina vyuma vingi kule chini. Shafti ya pili, difu ya pili. Kila chuma kina siku yake ya kuumwa. Na tairi moja ikiisha, hubadilishi moja, unabadilisha zote, la sivyo zinagombana humo ndani. Na kiu! Hiyo gari inakunywa, shemeji. Inakunywa kama bwana harusi."

Na hilo nalo likawa kweli tupu. Hapo ndipo palipokuwa na taabu yake: kila aliyesema alisema kweli. Angekuwepo hata mwongo mmoja angepata pa kuanzia. Akilala usiku akiwa wa jeupe, anaamka wa kijivu, anapiga mswaki akiwa wa jeupe tena. Watu husema njia mbili zilimshinda fisi, na yeye akawa anamhurumia yule fisi kwa mara ya kwanza, maana hakuna aliyewahi kueleza kwamba pengine njia zote mbili zilinukia nyama.

Kazini kwake, kwenye karakana ya sare za shule, alikuwa mkataji. Kitambaa cha shati kinatandikwa mezani safu juu ya safu, yeye anapita na mkasi wa umeme. Mkono wake ulikuwa haujawahi kumkosea. Wiki ile alikata mikono ya mashati, na msimamizi alipokuja kuinua aliikuta yote ya kushoto.

"Mama Jaji, hawa watoto wana mikono ya kulia, au tuwashonee gunia?"

"Samahani. Nilikuwa nawaza gari."

"Gari lina mikono?"

"Lina magurudumu. Ndiyo shida yenyewe."

Leseni alikuwa nayo, mpya, bado inanukia plastiki. Aliipata kwa masomo ya jioni, baada ya kazi, akiingia darasani na vipande vya uzi kwenye nywele. Mwalimu wa udereva alimfundisha breki, alama, na heshima ya barabarani. Alipompigia simu kumuuliza nyuma au nne, alijibu kwamba dereva mzuri huendesha chochote. Jibu zuri, lakini yeye hakuuliza habari ya dereva mzuri. Aliuliza habari yake.

Hapo ndipo Bibi alipoingia.

Lazima ieleweke kwamba katika ukoo ule kitu hakinunuliwi mpaka Mama akikalie. Mama huyo ndiye bibi yake Jaji, mama mkwe wa Mama Jaji, mwanamke mwenye mwili wa heshima, mpana, mtulivu, anayeketi kama anayetia muhuri. Makochi yote ya nyumbani yalikaliwa dukani kwanza. Vitanda vilikaliwa. Hata tanki la maji alilikalia, limelazwa ubavu, wapita njia wakitazama. Na si utani. Mwaka Bibi alipougua homa, mwanawe mkubwa alinunua viti vya plastiki bila yeye, na kiti kimoja kilimwangusha mgeni wa kuheshimika mbele za watu. Tangu siku ile hakuna aliyethubutu.

"Nasikia mna magari mawili na akili moja," Bibi alisema akivua viatu mlangoni. "Na hiyo moja ndiyo imepotea. Kwani nani kayakalia?"

Hakuna.

"Sasa mnabishana nini? Jumamosi tunakwenda. Nitayakalia yote mawili, mpaka juu kwa huyo mwalimu. Litakalopanda na mimi nikiwa ndani, hilo ni gari."

Jumamosi ilinyesha tangu alfajiri, mvua nyembamba isiyo na haraka. Bwana Hakika aliwapokea na mwavuli, akamfungulia Bibi mlango wa mbele, mahali pa mkubwa. Bibi akakataa. Yeye atakaa nyuma na mjukuu wake, ambaye ndiye mwenye safari. Basi wakapangana: Mama Jaji kwenye usukani, mumewe pembeni yake, nyuma Bibi, katikati Jaji na gari lake la plastiki, na ubavuni Shemeji Kona, aliyeapa kwamba hawezi kukosa kesi hii.

"Niseme kitu kimoja," Bwana Hakika alisema dirishani, kabla hawajaondoka. "Hakika, gari inayosukumwa nyuma inapenda mzigo nyuma. Ikiwa tupu, kwenye utelezi, makalio yanacheza."

Macho ya Kona yakamwendea Bibi. Yalikwenda kidogo tu, lakini Bibi hakuzaliwa jana.

"Unaniangalia nini wewe? Na hilo tumbo lako tulibandike wapi, kwenye buti?"

Gari zima likacheka mpaka likatikisika. Hata Bwana Hakika alicheka, akasahau alikuwa anasema nini. Neno lake likadondoka pale penye kicheko, na hakuna aliyeinama kuliokota.

Walianza na la kijivu. Lilipanda. Lilinguruma kidogo penye kona ya ukuta wa mawe, likanyanyua mabega, likapanda kama mtu anayekwenda kulipa deni la watu. Wakafika kwenye geti la bluu, wakageuza, wakashuka.

"Limepanda," Bibi akakiri, "lakini limeinuka. Kuingia goti langu limelalamika, kutoka limelia."

Kisha jeupe. Mama Jaji alishika usukani, macho kwenye ule udongo unaong'aa. Moyoni alitaka lishindwe. Tena alitaka liweze. Alitaka kimojawapo kitokee waziwazi ili apumzike. Akakanyaga mafuta polepole. Kona ya ukuta wa mawe ikaja, magurudumu ya nyuma yakauma udongo, yakashika, na lile gari likapanda. Halikunguruma hata. Lilipanda kama mwali anayepelekwa, laini, bila hata kutikisa gari la plastiki lililokuwa juu ya goti la Jaji.

"Eeee!" Kona alipiga paja lake. "Niliwaambia nini? Niliwaambia nini mimi?"

"Na goti halijasema kitu," Bibi akaongeza, na hilo kwa wengine lilikuwa sahihi ya mwisho.

Mume wake alitazama nyuma, akatazama mbele, akasema kama jeupe linapanda, basi hizo nne za nini? Kweli tupu, kwa mara nyingine. Mama Jaji akatikisa kichwa kukubali. Alijiambia kwamba kile kinachomchoma bado chini ya ubavu ni mazoea tu, kwamba mtu aliyezoea kuchanganyikiwa hata akipewa jibu hulishika kama kaa la moto. Bwana Hakika akawaachia funguo. Makaratasi yangekamilishwa mwisho wa juma, na mpaka hapo, alisema, hakika lizoeni.

Siku ya somo la Jaji ilikuwa Jumanne. Mumewe alikuwa na bafu la watu la kumaliza, Kona alikuwa na abiria wake, Bibi goti lilikuwa limekumbuka lile la kijivu likaamua kulala. Haikumtisha. Mlima ule ule, mvua ile ile nyembamba, gari lile lile. Alimfunga Jaji mkanda kiti cha nyuma, katikati, mahali pake pa Jumamosi, akampa gari lake la plastiki.

"Leo sisi wawili tu, bosi wangu. Tunawahi. Tunaingia kabla ya wote."

Jaji alimtazama kwa haki, kama alivyomtazama kila mtu.

Kwenye lami jeupe lilikuwa siagi kweli. Mama Jaji alijikuta anaimba kidogo, wimbo usio na maneno. Alijiona siku zote zijazo zikipangwa kama safu za kitambaa, Jumanne juu ya Jumanne, hakuna hata moja iliyokosekana, na neno moja likiwa limekunjwa ndani ya kila safu. Wakafika chini ya mlima, akapunguza, akakanyaga polepole kama alivyofanya Jumamosi.

Penye kona ya ukuta wa mawe gari likasita. Injini ikapanda sauti, gari lenyewe likabaki. Kisha nyuma kukaondoka. Alihisi kiunoni kabla ya kuelewa: mkia wa gari ukaenda kando, taratibu, kuelekea mtaro, kama mtu anayesogea kukupisha kwenye benchi. Akaachia mafuta. Tope jekundu lilikuwa limeruka mpaka dirisha la nyuma. Harufu ya raba ikaingia ndani.

"Si kitu," alisema kwa sauti. "Si kitu, mwanangu."

Akarudi nyuma, kidogo kidogo, jicho kwenye kioo, mpaka pale pa tambarare. Akajaribu kwa kasi zaidi. Mkia ukacheza zaidi. Akajaribu polepole kuliko polepole. Magurudumu yakazunguka pale pale, yakichimba, yakiimba.

Akampigia mumewe.

"Unakanyaga vipi?" sauti yake iligonga kuta za bafu tupu.

"Kama Jumamosi."

"Usikanyage kama cherehani, mke wangu. Ile ya kwenda, acha, kwenda, acha. Kanyaga mfululizo."

"Nimekanyaga mfululizo!"

Akampigia Kona. Kona akataka kujua gia, akataka kujua upepo wa tairi, akataka kujua kama hakugusa kitufe fulani karibu na breki ya mkono, halafu akasema ngoja, kuna abiria, akakata. Bwana Hakika alipokea kwa furaha. "Hakika Jumamosi lilipanda. Nililiona na macho yangu likirudi. Gari haina roho, mama, kwamba leo ikuchukie."

Akaweka simu kwenye kiti. Mlima ule ule. Akaugeuza kichwani. Mvua ile ile. Gari lile lile. Dereva yule yule, mguu ule ule, kiatu kile kile. Alilipanga jambo lile kama vipande vya shati mezani, mgongo, kola, mikono, akavipatanisha, na kila mara kipande kimoja kilikataa kukutana na mwenzake. Kipi? Kule juu, kati ya majani, geti la bluu lilionekana. Mwalimu wa matamshi alikuwa ametoka kibarazani, mkono ukiyakinga macho na matone, akitazama barabarani. Saa ya somo ilikuwa imeanza kuliwa.

Hapo hasira ilimtoka, na kilichobaki baada ya hasira kilikuwa chepesi kuliko alivyotegemea. Akavua viatu. Akakunja suruali mpaka magotini. Mwaka jana alipanda mlima huu akilia, na walichelewa. Mwaka huu atapanda bila kulia, na huenda watachelewa kidogo tu, na hata dakika za mwisho za somo ni somo. Gari litabaki hapa lijifikirie. Akazunguka, akafungua mlango wa nyuma, akafungua mkanda, akamgeuzia mtoto mgongo na kuchuchumaa kwenye tope.

"Panda, Jaji wangu. Twende kwa mguu."

Hakuna aliyepanda.

Baadaye, jeupe lilipokwisha kurudishwa yadini na la kijivu likawa linapanda kwenye geti la bluu kila Jumanne, mvua isimame isisimame, kila mtu katika ukoo ule alidai kwamba ni yeye aliyeshauri. Fundi wa vigae alikumbusha habari ya pembe nne. Kona aliapa kwamba alikuwa akiwapima tu. Bwana Hakika alisema hakika aliwaambia siku ile ile, dirishani, na hilo kwa bahati mbaya lilikuwa kweli. Bibi peke yake hakudai kitu, ila aliagiza kwamba kuanzia sasa kitu akikikalia, basi akiinuka pia watazame. Lakini siku ile, pale chini ya mlima, hakuna aliyekuwa na habari, na Mama Jaji alichuchumaa akisubiri mikono midogo shingoni mwake, na mikono haikuja.

Akageuka.

Jaji alikuwa amekaa pale pale katikati. Gari la plastiki lilikuwa limelala kwenye paja lake, magurudumu yake mawili juu. Hakuwa anatazama mlima, wala tope, wala mama. Alikuwa anatazama kiti kilicho ubavuni mwake, kile kipana, kitupu, ambacho Jumamosi hakikuwa na nafasi hata ya kuweka kidole. Akakiwekea kiganja. Akakipiga mara mbili, kama anayebisha hodi, akangoja. Akageukia upande wa pili, alikokaa baba mdogo na tumbo lake, akapiga pale nako. Midomo yake ikaanza kufanya kazi, ikifungika na kufunguka, vile mwalimu alivyokuwa akimwonyesha mbele ya kioo, na Mama Jaji, magoti kwenye tope, viatu mkononi, akasogeza sikio.

"Bibi hayupo," Jaji akasema.